Datsun 240Z iko Dodoma, injini imechoka: nifunge 1JZ, BEAMS, au nibaki na L?

Zeta wa Makole (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nina Datsun 240Z ya 1972, ilikuwa ya baba mdogo. Imekaa hapa Makole miaka mingi ikitolewa nje siku za sikukuu tu. Bodi ni safi kupita maelezo, hewa ya Dodoma haina chumvi kama ya Dar au Tanga. Nimepita chini na nyundo ndogo nikigonga sakafu na reli zote, chuma kinalia vizuri. Kutu imeanza pale chini ya betri peke yake, na hiyo ni kazi ndogo ya kuchomelea.

Shida ni injini. L24 ya asili, cc 2,393, kabureta mbili. Asubuhi ikiwaka inatoa moshi wa bluu, kompresheni ya silinda ya tano imeshuka vibaya, na mlimani haina pumzi kabisa. Vitabu vinasema farasi 150. Mimi juzi nimepitwa na IST kati ya Ihumwa na mjini, mguu wangu ukiwa umefika sakafuni.

Nataka nguvu. Sitaki gari ya maonyesho, nataka nikitoka hapa kwenda Iringa kwa njia ya Mtera, nikifika mlima wa Nyang'oro isininung'unikie. Kila fundi ninayemuuliza jibu ni moja: "Funga 1JZ umalize kesi," ile injini ya Toyota ya silinda sita. Bajeti ipo ila si ya mheshimiwa wa bungeni. Karibuni mnishauri.

Ngoja Waje

Nimeweka kambi hapa. Picha mkuu, uzi wa gari bila picha ni chai.

Altezza Damu

Kaka hakuna mjadala hapo. 1JZ-GTE, ile ya VVT-i yenye tabo moja (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa eksozi). Cc 2,492, PS (farasi) 280 ikitoka kiwandani, na 280 yenyewe ni ya kwenye karatasi tu, makampuni ya Japani yalikubaliana yasiizidi. Toki, yaani nguvu ya kuvuta, Nm 378 kwenye mizunguko 2,400. Gari yako haifiki hata kilo 1,100. Hiyo IST utaisahau.

Binti Mtambo

Kabla hamjamfungisha kaka wa watu tabo, tuzungumzie hiyo 150 kwanza, maana ndiyo inayompa presha.

Ile namba ni ya kipimo cha kale cha Marekani. Injini ilikuwa inapimwa ikiwa peke yake, haizungushi feni wala jenereta, na eksozi yake si ile ya kwenye gari. Ukiipima kama zinavyopimwa injini za sasa, tuseme 130 kwa ukarimu. Halafu iko Dodoma. Mji huu uko mita kama 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni takriban asilimia 88 ya ule wa pwani. Injini isiyo na tabo inavuta hewa inayoikuta, basi. Ikikuta pungufu kwa asilimia 12, na nguvu inapungua karibu hapohapo. 130 inabaki kama 114, na hiyo ni injini mpya, ya kwako ina silinda moja mgonjwa. Mchana wa Oktoba hewa ikiwa moto ondoa kidogo tena.

IST ya cc 1,500 ina PS 109 za kipimo cha sasa. Kwa hiyo kupitwa si ajabu, wala si dharau.

Kwa hesabu hiyohiyo pimeni injini mnazomtajia. 1G-FE ya VVT-i ya Mark II, PS 160, hapa ni kama 140. 1JZ-GE isiyo na tabo, 200, inabaki 176. 3S-GE BEAMS, ile ya silinda nne ya Toyota Altezza ya gia za mkono, 210, inabaki 185. Ya tabo haiumii sana, ila na yenyewe inaumia. Busti (hewa inayosukumwa na tabo) ikiwa baa 0.7, Dar unapata jumla ya 1.71, hapa 1.59. Imepungua asilimia 7 hivi, na tabo linazunguka kwa nguvu zaidi kufidia.

Altezza Damu

Dada umeniua. Kwa hiyo unaniunga mkono, tabo ndiyo jibu la Dodoma 😂

Binti Mtambo

Kwa hesabu ya hewa tupu, ndiyo. Ngoja waje wenye spana.

Mzee wa Kizota

Nimewasoma. Mimi magari ya zamani nimeyafungua na kuyafunga sana, sasa niseme kwa utaratibu wangu.

Kwanza, Zeta, kabla ya kununua chochote toa plagi zote sita uzipange mezani kwa namba. Nina hakika silinda ya tano itatoka na mafuta ya oili, lakini nyingine nne au tano zitakuwa nyeusi kwa masizi makavu. Masizi hayo hayatokani na uchovu wa injini. Kabureta zako ni za Hitachi za mtindo wa SU, zikisetiwa kwa hewa ya pwani huku juu zinamwaga mafuta kuliko hewa iliyopo. Chini ya kila kabureta kuna nati ya kupandisha na kushusha jeti. Pandisha kidogo kidogo, zote mbili sawa, uone inavyobadilika sauti. Taimingi nayo huku inakubali kusogezwa mbele kiasi. Haitakuwa Ferrari, lakini utajua injini yako ilikuwa inakunyima kiasi gani kwa sababu ya seti mbovu.

Pili, suala la 1JZ yenye tabo. Inaingia, ndiyo. Pale chini ya boneti pametengenezwa kwa injini ya silinda sita za mstari, urefu haukusumbui. Kinachosumbua ni vitu ambavyo vijana hawavisemi wakiwa wanakunywa soda. Bakuli la sampu liko mbele au nyuma kutegemea gari ilikotoka, likigongana na krosimemba (chuma cha kukatiza chini ya injini) itabidi likatwe, lichomelewe upya, na bomba la kunyonyea oili lihamishwe nalo. Ukikosea milimita chache pampu inanyonya hewa kwenye kona, beringi za kranki zinaondoka. Tabo linataka nafasi ya bomba la eksozi, linataka intakula (kipoza hewa ya tabo) mbele ya rejeta, na joto lote hilo limefungiwa kwenye pua ndefu nyembamba ya Zeta. Sasa weka hiyo gari kwenye foleni pale mjini saa nane mchana mwezi wa kumi.

Halafu nyuma. Difu ya 240Z ni R180, ndogo, ilitengenezwa kwa toki ya L24. Ukiipa 378 siku ya kwanza itavumilia, ukizoea kuachia klachi ghafla utaokota meno barabarani. Itabidi R200. Ukiweka R200 krosi za draifu shafti ndizo zinazofuata. Breki za nyuma ni dramu. Hesabu inakua, na hapo hujagusa waya.

Tabo na vumbi la kwetu pia. Kichujio cha wazi kinachong'aa kinachopendwa na vijana, kikikaa nyuma ya rejeta kinavuta hewa ya moto na vumbi la Nkuhungu kwa pamoja. Boksi la kichujio lifungwe, livute hewa mbele ya gari, na karatasi yake ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Mimi kwa gari hii ningefunga BEAMS.

Altezza Damu

Mzee wangu shikamoo, lakini silinda nne kwenye Zeta? Ile sauti ya sita ndiyo gari yenyewe!

Mzee wa Kizota

Marahaba mjukuu. Sauti haipandi Nyang'oro.

Sikiliza. BEAMS ni fupi. Ukiifunga inakaa nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele, pua inakuwa nyepesi, usukani unakuwa mtamu. Altezza inayoibeba ina kilo kama 1,340, Zeta ni pungufu kwa karibu kilo 300. Na kubwa kuliko yote, Altezza RS200 ya gia za mkono inakuja na gia boksi yake ya spidi sita nyuma, J160, klachi yake, fulai wili yake, kontrol boksi yake (kompyuta ya injini). Mark II zilizojaa nchi hii ni otomatiki. Ukinunua 1JZ-GE ya otomatiki unaanza safari nyingine ya kutafuta gia boksi ya mkono inayoingiliana, na kontrol boksi ambayo haitalalamika kwa kukosa otomatiki yake. Hapo ndipo magari mengi hulala gereji, boneti wazi, kuku wanatagia ndani.

Binti Mtambo

Mzee nakubaliana na uzito, ila niweke angalizo la mlimani. BEAMS inatoa PS 210 kwenye mizunguko 7,600, na toki yake ya juu ni Nm 216 kwenye 6,400. 1JZ-GE inatoa Nm 255 kwenye 4,000. Kwa mtu anayetaka kupanda taratibu akiwa gia ya nne huku anapiga stori na abiria, sita ndiyo tamu. BEAMS inataka uishughulishe, ushuke gia ya tatu uiache ilie. Na kompresheni yake ni 11.5 kwa 1, ilitengenezwa ikitegemea petroli ya daraja la juu ya Japani. Mwinuko wa Dodoma unaisaidia, hewa pungufu inapunguza kugonga. Lakini ukishuka nayo Dar, jaza petroli ya kituo unachokiamini na usiizime sensa ya kugonga eti kwa sababu taa inawaka.

Kondoa Kwetu

Nyie watu mna dhambi. 240Z ya asili mnaichinja?

Gari hii ilishinda Safari mara mbili. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller, 1973 Shekhar Mehta, enzi hizo mashindano yakiitwa East African Safari na njia ikivuka hadi huku kwetu. Walishinda na hiyohiyo L24 mnayoidharau, imeandaliwa tu. Na thamani je? Januari 2020 moja ya 1971, ya asili, kilomita chache, iliuzwa kwa mnada Marekani dola 310,000. Najua ya Makole si ile, lakini kila unachokata huwezi kukirudisha.

Njia ya heshima ni L28. Ni ndugu wa damu wa L24, bloku kwa nje ni ileile, mauntingi zilezile, gia boksi ileile, hata sampu yako ya L24 inakaa. Cc 2,753. Ilifungwa kwenye 280Z, na ilifungwa kwenye Nissan Patrol ya 160 ya petroli. Tafuta Patrol iliyokufa bodi, injini nzima. Ukiwa na moyo zaidi, kranki ya dizeli LD28 ina stroku (mwendo wa pistoni) ya mm 83 badala ya 79, ukitoboa bloku hadi pistoni za mm 89 unapata lita 3.1. Wajapani wanafanya hivyo tangu zamani.

Binti Mtambo

Kondoa Kwetu hiyo ya lita 3.1 ni tamu lakini ukuta wa silinda upimwe unene kwanza. Kutoboa mm 3 kwenye bloku ya miaka 40 na zaidi si kila bloku itakubali. Na L28 yenyewe ya kawaida ilikuwa na farasi kama 145 kwenye 280ZX, hapa 128 hivi. Anapata nafuu, sana kwenye toki, ila si ile nguvu anayoiota.

Zeta wa Makole

Nawashukuru sana, sikutegemea darasa hili. Plagi nimezitoa leo mchana. Mzee wa Kizota upo sahihi, ya tano ina oili, zilizobaki ni nyeusi kama sufuria ya kijijini. Nati nimezipandisha, sasa inaamka vizuri zaidi, lakini moshi wa bluu uko palepale.

Kuhusu kukata: sikati. Msimamo wangu tangu leo, chochote kitakachofungwa kitashikwa kwa mauntingi zinazofungwa kwa bolti kwenye matundu ya asili. L24 itapakwa grisi, itafungwa nailoni, itakaa stoo na kabureta zake. Siku mwanangu akitaka kuirudisha airudishe.

Maswali yaliyobaki ni breki, mafuta na waya. Na kadi ya gari.

Mzee wa Kizota

Breki ni rahisi kuliko unavyodhani. Kalipa za mbele za Toyota Hilux ya zamani ya 4x4, zile za pistoni nne, zinaingia kwenye Zeta. Watu wa Marekani wamefanya hivyo miaka nenda rudi. Kwa diski yako nyembamba ya asili chukua zilizoandikwa S12+8 ubavuni. Zile za S12W ni pana, zinataka diski ya kupitisha hewa katikati. Hilux hazijawahi kutuishia, na vifaa vyake vya matengenezo vipo kila duka. Badilisha na mipira yote ya breki, ya zamani inavimba kwa ndani, unaiona nzima kumbe tundu limeziba. Angalia na masta silinda isiwe inakojoa kwenye busta.

Mafuta. Pampu yako ya kabureta inasukuma kidogo tu, injini ya sindano inataka baa 3 hivi. Pampu ya umeme mpya, bomba la kwenda na bomba la kurudi. Tanki la Zeta likibaki robo ukaingia kona ndefu, mafuta yanakimbilia upande mmoja na pampu inanyonya upepo. Weka tanki dogo la pembeni la lita moja au mbili, pampu ya kwanza ilijaze, pampu kubwa inyonye humo.

Kupooza: rejeta ya aluminiamu, feni mbili za umeme na kava lake linalofunika uso wote wa rejeta. Kava ndilo watu wanaloliacha, feni inabaki inavuta hewa pale ilipo tu.

Fundi Umeme Area D

Waya niachieni mimi.

Zeta, ukienda Gerezani kule Dar usinunue injini iliyokaa mezani imeoshwa inang'aa. Nunua nosi. Uione injini ikiwa bado imekaa kwenye pua ya gari yake, na gia boksi, na waya zikiingia mpaka ndani ya dashibodi. Kuna wauzaji wanachukua kisu wanakata waya karibu kabisa na soketi ya kontrol boksi ili injini itoke haraka. Waya zaidi ya hamsini, rangi mbili mbili, zimefifia, na wewe unabaki unazifuata moja moja na mita. Mimi nimekaa wiki nzima kwenye kazi ya namna hiyo ya mteja, na kumbe waya mmoja wa sensa ya kranki ulikuwa umeguswa na ule wa bodi.

Dai vitu hivi na usilipe bila kuviona: kontrol boksi yenye namba inayolingana na injini, pedali ya gesi kama ni ya umeme, sensa ya hewa na boksi lake, boksi la fyuzi la chini ya boneti, na kama gari ilikuwa na kinga ya wizi, ufunguo na kile kiboksi chake. Bila ufunguo injini itazunguka mpaka betri ilie, haiwaki.

Na ule mshale wa mizunguko wa Zeta wa asili unasoma koili ya zamani, hautaelewa injini mpya. Kuna namna ya kuutengeneza ndani ukabaki na uso wake uleule. Usitoboe dashibodi kuweka saa za bluu, nakuomba.

Karatasi Kwanza

Kadi: ina namba ya injini na ujazo wake. Ukibadilisha injini, peleka taarifa TRA zibadilishwe, gari ikaguliwe, na utunze risiti ya injini pamoja na nyaraka za ilikotoka. Bima nao uwaambie. Ajali ikitokea wakafungua boneti wakakuta injini ya Toyota kwenye gari iliyoandikwa Datsun cc 2,393, mazungumzo yanakuwa marefu.

Ngoja Waje

Na tochi za trafiki wa Kibaigwa hazina habari na BEAMS wala L24. Hamsini ni hamsini 😂

Altezza Damu

Sawa nimekubali yaishe, BEAMS si mbaya, na mimi ninayo nyumbani 😅 Zeta, kuna jamaa Dar ana nosi ya RS200 gia sita imeingia wiki hii. Nimetumiwa picha. Injini safi, ukifungua kifuniko cha oili ndani ni rangi ya asali, hakuna matope. Bei inazungumzika.

Fundi Umeme Area D

Tuma picha ya kontrol boksi na soketi zake. Picha ya injini haina maana kwangu.

Altezza Damu

Hii hapa. Waya ziko nzima mpaka kwenye dashibodi. Ufunguo anasema "upo, anautafuta".

Mzee wa Kizota

Autafute kwanza. Zeta, usitume hata ya usafiri mpaka ufunguo uingie kwenye picha. Ukipatikana, injini ikifika usikimbilie kuifunga, ije kwangu ikiwa chini. Mkanda wa taimingi, pampu ya maji, sili za mbele na nyuma ya kranki na diski ya klachi vyote vinabadilishwa ikiwa sakafuni, ikishaingia ndani kila kimoja ni siku nzima.

Zeta wa Makole

Nimeelewa mzee wangu. Jumamosi naishusha L24, aliye karibu na kreni ya gereji ya kuazima anicheki inbox. Na mwenye vipimo vya krosimemba ya Altezza pale mauntingi zinapokaa anitumie, nataka mchomeleaji aanze mapema na mbao kabla ya chuma.

Altezza Damu

Nakupimia kesho asubuhi ya kwangu ikiwa juu ya jeki. Ufunguo bado anautafuta.